Mgeni Aliyetua Bila Hodi: Kwa Nini Siipendi Galactica Mpya

Battlestar Galactica iliyofanywa upya mwaka 2003 ni moja ya tamthilia za runinga zilizosifiwa kuliko zote katika karne hii, na mimi siipendi. Nalisema hilo mapema ili anayetaka kukasirika akasirike sasa, kisha tusonge mbele kwa amani. Jarida la Time liliitaja kuwa kipindi bora cha mwaka 2005. Ikapewa tuzo ya Peabody. Tarehe 17 Machi 2009 waigizaji na watayarishaji wake walialikwa makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, kuzungumzia haki za binadamu, ugaidi na watoto walio vitani. Ni roboti na vyombo vya anga hao, lakini walikalishwa kwenye viti vya mabalozi! Basi nikisema siipendi, swali la kwanza huwa moja tu: umeiangalia yote? Nimeiangalia. Misimu yote 4, na sehemu ya mwisho zaidi ya mara moja, kwa sababu kesi yangu iko hapo mwishoni.

Kwanza niwatenge watu ambao sitaki kuhesabiwa pamoja nao. Wapo walioichukia tamthilia hii kabla haijaanza, kwa sababu rubani Starbuck, aliyekuwa mwanamume mvuta sigara kubwa kwenye toleo la 1978, aligeuzwa kuwa mwanamke. Dirk Benedict, aliyeigiza Starbuck wa kwanza, aliandika makala ndefu ya kulalamika kwamba uanaume umehasiwa. Hilo mimi silo langu. Katee Sackhoff, Starbuck wa pili, ndiye mtu pekee aliyekuwa ananifanya nibofye sehemu inayofuata. Kuna namna nzuri na namna mbaya ya kutopenda kitu, na namna mbaya ni kumchukia mgeni kwa sababu tu hafanani na marehemu.

Lakini huwezi kumwelewa mgeni bila kumjua marehemu, kwa hiyo turudi 1978. Mwaka mmoja kabla, Star Wars ilikuwa imevunja sanduku la fedha, na kila studio Marekani ilikuwa inatafuta ya kwake. Glen A. Larson, mtayarishaji mwenye mkono mwepesi wa kupika vipindi vinavyopendwa, alikuwa na wazo la siku nyingi: safina ya angani. Watu wa sayari 12 wanashambuliwa na majeshi ya roboti waitwao Cylon. Waliosalia wanakimbia kwa meli za kila aina, wakiongozwa na manowari moja, Galactica, na kamanda mzee Adama, kuitafuta sayari ya hadithi iitwayo Dunia. Larson alikuwa muumini wa Kanisa la Wamormoni, na alama zake zimejaa humo: baraza la watu 12, na sayari ya asili iitwayo Kobol, jina lililopinduliwa herufi kutoka Kolob ya maandiko ya Wamormoni. Studio ya Star Wars ilipeleka kesi mahakamani ikidai imeibiwa, na kesi hiyo ikaburutwa kwa miaka.

Sehemu ya kwanza ilirushwa na ABC usiku wa Jumapili, 17 Septemba 1978. Katikati ya kipindi, matangazo yakakatwa. Jimmy Carter, Anwar Sadat na Menachem Begin walikuwa wanatia saini makubaliano ya Camp David. Sasa angalia kilichokuwa kwenye skrini kabla ya kukatwa: binadamu wamekwenda kutia saini mkataba wa amani na Cylon, mkataba ni mtego, na ndani ya saa chache sayari zote 12 zinateketea. Kipindi kinasema anayekuletea karatasi ya amani anakuchimbia kaburi, na usiku huohuo habari zinasema watu watatu wametia saini amani. Sijui hadithi yoyote ya runinga iliyowahi kukatizwa na jibu lake mwenyewe namna hiyo. Galactica ya 1978 ilikuwa mtoto wa Vita Baridi, wa upande uliokuwa hauamini mazungumzo na Moscow, na haikuona haya kusema hivyo.

Ilikuwa na mambo ya kuchekesha pia. Makoti ya mabega, mbwa wa roboti, sayari yenye kasino. Na ilikuwa na wazo moja bovu, bovu kweli, lililotamkwa na msimulizi mwanzoni kabisa: kwamba huenda uhai wa hapa ulianzia huko juu, na kwamba waliowatangulia Wamisri na Wamaya walishuka kutoka nyota za mbali. Wazo hilo lilikuwa limeshika soko tangu 1968, Erich von Däniken alipotoa kitabu chake kuhusu magari ya miungu. Kiini chake ni rahisi. Ukikuta jengo kubwa Misri au Mexico, usiulize wenyeji walilijengaje. Uliza nani aliwaletea.

Kipindi kilikuwa ghali, takwimu za watazamaji zikashuka, na ABC wakakifuta 1979 baada ya msimu mmoja. Mwaka uliofuata wakajaribu kukifufua kwa bei nafuu, kwa jina Galactica 1980, kikafa tena baada ya sehemu 10. Mwenye msiba mkubwa alikuwa Richard Hatch, aliyeigiza Apollo, mwana wa Adama. Kwa miaka 20 alizunguka na ndoto ya kuiendeleza hadithi ileile. Aliandika riwaya, na 1999 akatengeneza kionjo cha filamu kwa msaada wa marafiki na mfuko wake, akakionyesha kwenye makongamano ya mashabiki. Hakuna studio iliyompa kazi. Mwaka 2001 Bryan Singer na Tom DeSanto walianza maandalizi ya toleo jingine la mwendelezo. Likaja shambulio la 11 Septemba, ratiba zikavurugika, Singer akaenda kwenye filamu nyingine, nalo likafa.

Aliyefanikiwa ni Ronald D. Moore, pamoja na David Eick. Moore alitoka kwenye uandishi wa Star Trek, amechoshwa na usafi wake. Alichukua mifupa ya Larson na kuivalisha mwili wa Marekani baada ya 2001. Makoti ya mabega yakatupwa. Mbwa akatupwa. Cylon, ambao zamani walitengenezwa na viumbe wa jamii ya mijusi, sasa wametengenezwa na binadamu wenyewe, na baadhi wana sura ya mtu kiasi kwamba jirani yako anaweza kuwa mmoja wao na usijue. Kamera inatikisika kama ya habari za vita. Rais, aliyeigizwa na Mary McDonnell, anaandika kwenye ubao idadi ya walio hai, karibu 50,000, na kila wakifa anafuta. Richard Hatch mwenyewe, baada ya kuipinga hadharani, alikubali kuigiza humo kama mfungwa wa kisiasa, Tom Zarek. Aliigiza vizuri sana, bwana. Kumwona mtu aliyenyimwa ufalme akiingia kwenye nyumba ya warithi kama mfungwa, na kumzidi karibu kila mtu mle ndani, ni jambo ambalo hakuna mwandishi angelipanga.

Nitoe haki yake. Mwaka 2006, msimu wa 3, tamthilia hii ilifanya kitu ambacho runinga ya Marekani haikuthubutu wakati vita vya Iraki vinaendelea. Binadamu wamepiga kambi kwenye sayari iitwayo New Caprica, Cylon wakaja kuwatawala, na mashujaa wetu wakageuka kuwa wapiganaji wa chinichini. Mmoja anajilipua kwenye mahafali ya polisi walioandikishwa na mtawala. Mtazamaji wa Ohio alijikuta, kwa saa mbili hivi, ameshika upande wa mtu aliyejifunga bomu. Huo ni ujasiri, na sitaki mtu aseme sikuuona.

Ila hata hapo nilikuwa na kinyongo kidogo. Wanaokaliwa ni watu walewale wa Galactica, wenye sura, majina na Kiingereza cha nyumbani kwa mtazamaji. Iraki imeazimwa kama vazi. Mwiraki mwenyewe hayumo. Baada ya sehemu chache meli inashuka, watu wanapakiwa, safari inaendelea, na vazi linarudishwa kabatini. Nilidhani labda nina roho mbaya. Kisha nikafika mwisho.

Kabla ya mwisho, neno moja kuhusu mafumbo, maana ndiyo malalamiko ya kawaida na sitaki kukaa sana hapo. Kila wiki utangulizi ulituahidi kwamba Cylon wana mpango. Tulikaa miaka kuusubiri. Waandishi walipofichua Cylon watano waliojificha, Moore mwenyewe alieleza wazi kwamba wazo hilo lilizaliwa safari ikiwa imeshafika katikati. Starbuck alikufa, akarudi, halafu mwishoni akatoweka kwenye nyasi kama moshi, na maelezo ni Mungu. Bibi akisimulia ngano na kuifunga kwa muujiza, tunamwelewa, kwa sababu hakutuambia usiku kucha kwamba anatoa ushahidi.

Sasa turudi Umoja wa Mataifa. Kwenye kikao kile cha 17 Machi 2009, Edward James Olmos, aliyeigiza Adama, alisimama na kusema kwa uchungu kwamba hakuna rangi nyingi za watu, iko moja tu, ya binadamu. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Siku tatu baadaye, 20 Machi, sehemu ya mwisho ikarushwa. Msafara unatokea kando ya mwezi, na chini yake kuna sayari ya buluu. Bara linaloonekana ni Afrika.

Wanashuka. Hawajafika 40,000. Wanalala kifudifudi kwenye nyasi ndefu na kutazama kwa darubini kundi la watu wanaotembea uwandani na mikuki. Wanajadiliana kama watalii wenye shahada. Daktari anasema ajabu ni kwamba vinasaba vyao vinalingana na vyetu, yaani tunaweza kuzaa nao. Wanakubaliana kuwa watu wale bado hawana lugha. Lee Adama anashauri waachane na meli, silaha na mitambo yote, waanze upya, na wawape wenyeji kile kilicho bora ndani yao. Meli zinatumwa kuchomwa kwenye jua. Rais anafia ndani ya chombo kidogo akitazama wanyama mbugani. Kisha tunaruka miaka 150,000 hadi New York ya leo. Moore mwenyewe amesimama mtaani anasoma jarida, na malaika wawili wanasoma juu ya bega lake: yamepatikana mabaki ya msichana, mama wa binadamu wote walio hai, Hawa wa mitokondria. Yamepatikana wapi? Tanzania. Msichana huyo ni Hera, mtoto wa rubani binadamu na mama Cylon, aliyeshuka na msafara.

Nchi yangu ikatajwa. Ningefurahi, si ndiyo? Uwanda wenyewe ulipigwa picha Kamloops, Kanada, lakini hilo nalisamehe, sinema ni sinema. Nisichoweza kusamehe ni hesabu iliyofanywa pale.

Hawa wa mitokondria si jina la kishairi tu. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walichapisha kwenye jarida la Nature uchunguzi wa DNA ya mitokondria ya watu 147 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. DNA hiyo hutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Ukifuata mama, mama wa mama, na mama wa bibi, mistari yote ya walio hai inakutana kwa mwanamke mmoja, aliyeishi Afrika takriban miaka 200,000 iliyopita. Hakuwa mwanamke wa kwanza, wala hakuwa peke yake. Alikuwa na mashoga zake, majirani, wake wenza pengine. Ni kwamba mistari ya wale wengine, kwa upande wa kikeni mtupu, ilikatika njiani. Na huwezi kuchimba mfupa ukasema huyu ndiye, maana mfupa hausemi nani atazaliwa miaka laki moja baadaye.

Sasa weka Hera kwenye nafasi hiyo. Kama Hera ndiye Hawa wa mitokondria, basi mstari wa mama wa kila mtu aliye hai leo, wa Mtwara, wa Tokyo, wa Oslo, unaishia kwa mwanamke wa Cylon aliyeshuka na meli. Wanawake waliokuwa wanatembea kwenye ule uwanda, ambao kamera iliwaona kwa sekunde kadhaa kutoka mbali, mstari wao wa mama umefutwa wote. Pengine wamebaki kupitia wana wa kiume, huku na kule. Lakini kile kitu ambacho sayansi ilikipata Afrika na kukirudisha Afrika, tamthilia imekinyang'anya kwa sentensi moja na kukitundika angani. Halafu ikatuachia mahali pa kaburi, kama zawadi.

Hebu tuangalie waliokuwepo kweli. Olorgesailie, Kenya, takriban miaka 300,000 iliyopita, watu walikuwa wanatumia rangi za madini na kuchonga zana kwa jiwe la volkano lenye ukali wa kioo, ambalo lililetwa kutoka umbali wa makumi ya kilomita. Mtu hapati jiwe la mbali hivyo bila kujuana na watu wa huko. Ngaloba, karibu na Laetoli, lilipatikana mwaka 1976 fuvu la binadamu wa jamii yetu lenye zaidi ya miaka 100,000. Kwenye pango la Panga ya Saidi, pwani ya Kenya, watafiti walitangaza 2021 kaburi la mtoto wa kama miaka mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa, kichwa kikiwa kama kimewekewa mto. Watafiti walimwita Mtoto, kwa Kiswahili hivyohivyo. Lugha haiachi mfupa, kwa hiyo hakuna atakayechimba neno. Lakini kuwatazama watu wa uwanda ule kwa darubini, kwa dakika chache, na kuamua kuwa hawana lugha! Tabia hiyo tunaijua. Wapo wageni wengi waliofika, wakasikia wasichokielewa, wakaandika kuwa ni kelele.

Ndiyo maana silioni jambo hili kuwa dogo. Mwaka 1871 Carl Mauch alifika Great Zimbabwe, akatazama kuta zile na kuzihusisha na Malkia wa Sheba, ilimradi asiwe Mshona. David Randall-MacIver alisema 1905 kuwa ni kazi ya Waafrika, Gertrude Caton-Thompson akalirudia 1929, na bado serikali ya Rhodesia ilikuwa inawabana wataalamu waliosema hivyo hadi miaka ya 1970. Kilwa nayo kwa miongo mingi ilisimuliwa kama mji ulioletwa na jahazi kutoka Uajemi, na Waswahili ni wapangaji tu. Mwaka 1863 John Hanning Speke aliandika kuwa watawala wa falme za maziwa makuu hawawezi kuwa wa asili ya hapa, lazima walishuka kutoka Ethiopia. Wabelgiji wakaligeuza dhana hilo kuwa vitambulisho. Mwaka 1992 mwanasiasa mmoja wa Rwanda akahutubia mkutano kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 watu wa Kagera waliona maiti zikipita kwenye mto wao kuelekea Ziwa Victoria.

Sisemi tamthilia imeua mtu. Nasema hadithi ya "walikuja kutoka mbali wakawafanya kuwa watu" haijawahi kuwa burudani tupu katika nchi hizi. Ina mikono, na mikono hiyo imeshika kalamu, rula na panga.

Na hapa ndipo Moore ananishinda kabisa. Alikuwa na ujasiri wa kubadili kila kitu. Alibadili jinsia za watu, asili ya maadui, dini, mwendo wa kamera, hata maana ya vita. Kwenye jumba zima la Larson alikokuta takataka za kila namna, kitu kimoja hakukitupa: von Däniken. Larson alikitaja mwanzoni kwa "huenda," kisha akaendelea na kasino yake. Moore alikipigia msumari kikawa ndiyo hitimisho la kazi nzima, akakipa jina la nchi na tarehe. Ya 1978, nilipoitafuta na kuitazama, ilinichekesha na wakati mwingine kunikera. Ile ya 2003 iliniambia ni rafiki yangu, ikaenda Umoja wa Mataifa kusema rangi ya binadamu ni moja, ikaja kwetu ikaniambia nyinyi mlikuwa mabubu.

Watetezi husema hadithi ilihitaji mwisho, na mwisho wowote ungemkera mtu. Sawa. Lakini mwisho mwingine ulikuwa umelala palepale kwenye nyasi. Fikiria: karibu watu 40,000 waliozoea chakula cha ghala la meli wamechoma meli zao. Hawajui mzizi upi unaliwa na upi unaua. Hawajui maji yako wapi mwezi wa tisa. Simba hawamjui. Nani aliwalisha? Hadi leo, kandokando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe, ambao ni watu wa sasa kama mimi na wewe na si masalia ya kale, wanamfuata ndege hadi kwenye mzinga wa asali, na wanajua mzizi wa kuchimba kwa kuangalia jani. Maarifa ya namna hiyo ndiyo pekee ambayo yangewavusha wale wageni msimu wa kwanza wa kiangazi. Mwenye kufundisha angekuwa mwenyeji, na rubani wa manowari angekuwa mwanafunzi, tena mzito wa kuelewa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakasema pia siku ya tatu mpe jembe. Galactica ilikaa misimu 4 ikitafuta mahali pa kushuka, na iliposhuka haikuwa na dakika hata moja ya mwenyeji kumkaribia mgeni, kumtazama usoni na kumwonyesha njia ya kisimani. Sehemu hiyo ningeiangalia. Ningewasamehe hata malaika wao.